Dereva wa Lori Zito na Swali la Kwa Nini

Katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kuanzia Chalinze hadi Tunduma, watoto hutengeneza malori ya waya na makopo. Si malori ya ovyo. Mtoto wa miaka kumi huhesabu ekseli za lori halisi lililoegeshwa, kisha huhakikisha kwamba la kwake lina idadi iyo hiyo. Huliwekea usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele. Tena hutambua kwa kusikia tu, kabla lori halijatokea kwenye kona, kama linalokuja limebeba mzigo au ni tupu. Mtoto huyo hutazama, huhesabu, hulinganisha na kujaribu, na hizo ndizo kazi za mwanasayansi.

Afikapo shule ya sekondari, mapenzi hayo aghalabu huachwa nje ya mlango wa darasa. Ndani ya darasa hukuta mchoro wa kipande cha mti kikiteleza juu ya ubao ulioinamishwa, na hapana amwambiaye kwamba kipande kile cha mti ni lori, na ubao ule ni mlima Kitonga. Akithubutu kusema kwamba angependa kuendesha malori makubwa, wenzake humcheka, na wazee wake humhimiza asome kwa bidii asije akaishia kuwa dereva.

Usemi huo una makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kuendesha lori zito ni kazi ya mikono na miguu tu, isiyohitaji akili iliyofunzwa. Kosa la pili ni kudhani kwamba kijana apendaye malori amepotea njia ya masomo, ilhali mapenzi hayo ni mojawapo ya milango mizuri ya kuingilia katika sayansi. Makosa haya mawili yana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa mahali panapojulikana na kila asafiriye: kwenye miteremko.

Hesabu ya mteremko

Chukua lori na tela lake lenye jumla ya tani 56. Hicho ndicho kikomo cha juu cha uzito wa gari pamoja na mzigo wake katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Lori hilo likiwa juu ya mlima lina akiba ya nishati kwa sababu ya kimo chake. Mwanafunzi wa sekondari anajua kuikokotoa: tungamo, mara mchapuko wa mvutano wa dunia, mara kimo. Ikiwa tofauti ya kimo kati ya juu na chini ni mita 300, basi hesabu ni kilo 56,000 mara 9.8 mara 300, yaani karibu jouli milioni 165.

Nishati haipotei bali hubadilika. Lori likifika chini likiwa na mwendo ule ule liliokuwa nao juu, zile jouli milioni 165 zimekwenda wapi? Sehemu ndogo imechukuliwa na upepo na kuviringika kwa matairi. Iliyobaki imegeuka joto, ama ndani ya breki, ama ndani ya injini. Jumla ya nishati hiyo ingetosha kuchukua zaidi ya lita 500 za maji, yaani mapipa mawili na nusu, na kuyapasha kutoka nyuzi 25 hadi yachemke.

Linganisha sasa na kusimama kwa kawaida. Nchini Tanzania, magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita kilometa 80 kwa saa. Lori letu likienda kwa mwendo huo mahali tambarare, nishati yake ya mwendo ni jouli milioni 14 hivi. Kwa hiyo kushuka mita 300 ni sawa na kulisimamisha lori kutoka kilometa 80 kwa saa mara 12 mfululizo, bila kuzipa breki nafasi ya kupoa.

Tena hapana budi kuangalia muda. Katika mteremko wa mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, lori hilo likishuka kwa kilometa 30 kwa saa hutoa nishati kwa kiwango cha zaidi ya kilowati 270. Ni sawa na pasi za umeme 270, za kilowati moja kila moja, zilizowashwa kwa pamoja. Likishuka kwa kilometa 60 kwa saa, kiwango hicho huwa mara mbili. Mlima ni ule ule, na nishati ya kuzuiwa karibu ni ile ile, lakini sasa inatakiwa imalizwe kwa nusu ya muda. Breki hupokea joto haraka kuliko zinavyoweza kulitoa hewani.

Hapo ndipo elimu ya kutanuka kwa vitu inapokuwa jambo la uhai na kifo. Katika malori mengi breki ni ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, na vipande vinavyoibana kwa ndani. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 400 ikizidi joto kwa nyuzi 300, kipenyo chake huongezeka kwa zaidi ya milimita moja. Kwa macho ni kidogo. Lakini vipande vile sasa vinapaswa kusafiri mbali zaidi ili kuifikia ngoma, na vyenyewe, kwa kuungua, vimepoteza sehemu ya uwezo wake wa kusugua. Dereva hukanyaga zaidi na kupata pungufu. Kesho yake husemwa kwamba breki zilikataa. Mara nyingi hazikukataa, ila zilipewa joto kuliko lile zilizoundwa kulichukua.

Kanuni ya wazee wa barabara

Mambo hayo yalijulikana kwa mikono kabla hayajaandikwa kwa tarakimu. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kusini ya kupatia mafuta. Malori yakaanza kuyachukua mafuta kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ambayo wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services iliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya uchukuzi huo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya vyombo hivyo viwili kuwako, uchumi wa nchi jirani nzima ulitegemea watu walioketi nyuma ya usukani.

Njia ya kujifunzia kazi hiyo ilikuwa, na kwa wengi bado ni, kuanza kama utingo. Kijana hufunga turubai, hubadilisha matairi, hukaza kamba za mzigo, huweka kabari chini ya gurudumu lori linaposimama kwenye mwinuko, na zaidi ya yote hutazama na kusikiliza. Hupita muda mrefu kabla dereva hajamkabidhi usukani, tena kwenye uwanja wa tambarare, lori likiwa tupu.

Elimu hiyo isidharauliwe. Mzee wa barabara husikia injini ikielemewa kabla mshale wa saa ya injini haujaonyesha. Hunusa breki zinazoungua. Huona kwa mtikisiko wa usukani kwamba mzigo umesogea. Naye amefupisha maarifa yake katika kanuni zinazoshikika upesi, mojawapo ikiwa hii: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia.

Kanuni hiyo ni nzuri na ina sababu, lakini kijana hupewa kanuni bila kupewa sababu yake. Ilitungwa wakati injini zilikuwa dhaifu. Lori lililoelemewa lilipanda mlima kwa gia ya chini sana, likitambaa. Kushuka kwa gia iyo hiyo kulikuwa na maana ya kushuka likitambaa, injini ikilizuia. Lori la siku hizi lina injini yenye nguvu nyingi zaidi, nalo hupanda mlima ule ule kwa gia ya juu zaidi na kwa mwendo mkubwa zaidi. Isitoshe, umbo lake hupasua upepo kwa urahisi, na matairi yake huviringika kwa ukinzani mdogo. Vitu vilivyokuwa vikisaidia kulizuia kwa siri vimepungua. Kijana atakayeitii kanuni ya mzee neno kwa neno katika lori jipya atashuka kwa gia ya juu mno, na breki zitabebeshwa kazi ambayo zamani ilifanywa na injini.

Kijana huyo hakukosa utii, bali alikosa sababu. Angeijua, angeweza kuisahihisha kanuni mwenyewe, aseme: shuka kwa gia ambayo injini inaweza kulishikilia lori, breki zikisaidia kidogo tu, tena ichague kabla mteremko haujaanza, maana katikati ya mteremko huenda gia ikakataa kuingia, lori likabaki halina gia yoyote. Kanuni iliyoandamana na sababu yake huweza kubadilika pamoja na chombo. Isiyo na sababu huzeeka bila mwenyewe kujua.

Mfano wa pili ni wa kanuni ambayo sababu yake ni ya uwongo. Wako madereva wanaoamini kwamba kutia nyutro mteremkoni huokoa mafuta. Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta lori likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini ya dizeli, na pampu huacha kupeleka mafuta kwenye silinda. Akitia nyutro, injini hutengwa na magurudumu, na hapana budi ipewe mafuta ili isizimike. Basi, katika mteremko mkali ambao lori lazima lizuiwe, atiaye nyutro huchoma mafuta ambayo mwenzake aliye ndani ya gia hayachomi, na papo hapo hujinyang'anya msaada mkubwa wa kulizuia lori. Dereva aliyefundishwa jinsi mafuta yanavyoingia katika injini hahitaji kuogopeshwa kwa faini ili aiache desturi hiyo.

Fundi aliyeuliza

Kwamba mtu wa mikono anaweza kuwa mtu wa sayansi ni jambo lenye ushahidi. Clessie Cummins alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Indiana, Marekani. Hakupita darasa la nane. Alikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja mwenye benki katika mji wa Columbus, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni ya injini za dizeli ambayo hadi leo ina jina lake.

Mwezi Agosti 1931 Cummins na wenzake walikuwa wakivuka Marekani, kutoka New York hadi Los Angeles, kwa lori lililotiwa injini yake. Walipokuwa wakishuka mlima katika njia ya Cajon, California, breki zilizidiwa. Chini ya mteremko reli ilikatiza barabara, na garimoshi la mizigo lilikuwa likipita. Lori lilivuka reli mara tu behewa la mwisho lilipokwisha kupita.

Wengi wangeshukuru kwa kuokoka na kuendelea na safari. Cummins aliondoka na swali: kwa nini injini yenye nguvu za kulipandisha lori mlimani isiwe na nguvu za kulizuia lisishuke ovyo?

Jibu limo katika namna dizeli inavyofanya kazi. Ndani ya silinda pistoni huibana hewa mpaka hewa hiyo inapata joto la kuwasha mafuta. Kubana huko kunahitaji nguvu, na mteremkoni nguvu hiyo hutoka kwenye magurudumu, hivyo lori huzuiwa. Lakini pistoni inapofika juu na kuanza kurudi, hewa iliyobanwa huisukuma chini kama springi, na sehemu kubwa ya nguvu iliyokopwa hurudishwa kwa magurudumu. Lori huzuiwa na kusukumwa kwa zamu, na faida inayobaki ni ndogo.

Baada ya kustaafu, katika miaka ya 1950, Cummins alipata dawa. Alibuni kifaa cha kuifungua valvu ya kutolea moshi pale pistoni inapokaribia juu, ili hewa iliyobanwa itoke nje kabla haijaisukuma pistoni. Nguvu iliyotumika kuibana hairudi tena. Injini inageuka kompresa, mtambo ulao nguvu badala ya kuitoa. Kampuni ya Jacobs ilianza kukitengeneza kifaa hicho mwaka 1961, na hataza ya Cummins ilitolewa mwaka 1965. Ilipita miaka 34 tangu siku ile ya Cajon.

Katika miaka hiyo madereva wengi waliona breki zao zikizidiwa kama zake. Tofauti ni kwamba yeye alilichukua tukio la barabarani akaliuliza sababu yake ndani ya silinda. Uwezo wa kufanya hivyo haumo katika usukani peke yake, wala haumo katika kitabu peke yake. Hupatikana vikikutana, na shule ndiyo mahali panapofaa vikutanie.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema: madereva hodari wa zamani hawakusoma fizikia, nao walifika salama. Ni kweli. Lakini wanaosimulia ni wale waliofika. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mahali pengine ulimwengu hufundisha kwa kurudiarudia mpaka mwanafunzi aelewe. Mteremko mara nyingi hufundisha mara moja tu, na gharama ya somo hulipwa pia na abiria wa basi lililokuwa mbele, wasiokuwa wanafunzi wa dereva yule.

Pingamizi la pili husema kwamba malori ya kisasa yatajiendesha yenyewe vya kutosha: yana gia zinazojibadilisha, mitambo ya kuzuia magurudumu yasifungane, na breki za injini. Vyombo hivyo ni msaada mkubwa, lakini havikufuta kanuni za joto. Tena malori mengi yafanyayo kazi nchini huingia yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na haba ni dereva atakayeendesha lori la aina moja maisha yake yote. Kila chombo kipya nacho kina mipaka yake. Breki ya injini huzuia magurudumu yanayosukumwa na injini peke yake. Juu ya lami iliyolowa mvua, lori likiwa tupu, magurudumu hayo huweza kuteleza na tela likaja kukunjana na kichwa cha lori.

Hata breki za upepo, ambazo zimezoeleka mno hata hazishangazi mtu, zahitaji kueleweka. George Westinghouse alizipatia hataza mwaka 1869 kwa ajili ya magarimoshi. Katika lori, hewa inachukua karibu nusu sekunde kusafiri kwenye mabomba mpaka breki zikamate. Kwa kilometa 80 kwa saa, nusu sekunde ni mita 11 za barabara, mbali na zile zinazopita dereva akiwa bado hajaukanyaga mguu. Na dereva anayepigapiga breki mteremkoni hutumia hewa ya mitungi upesi kuliko kompresa inavyoirudisha. Shinikizo likishuka mno, springi zilizokuwa zimezuiliwa na hewa hujifyatua na kuyafunga magurudumu kwa ghafla. Ajuaye sababu hiyo hutazama mshale wa hewa kabla ya kushuka. Asiyeijua huona kwamba lori limefanya ukorofi.

Pingamizi la tatu hutoka kwa walimu: muhtasari wa masomo umejaa. Jibu ni kwamba hapana somo jipya linaloombwa. Mteremko, msuguano, nishati, kutanuka kwa metali, shinikizo la gesi na mwendo wa duara yamo tayari katika masomo ya sekondari. Linaloombwa ni kukiondoa kile kipande cha mti na kuweka lori mahali pake.

Yafaayo kufanywa

Katika shule, mwalimu wa fizikia anaweza kuanza na hesabu zilizotolewa hapo juu, kisha awaachie wanafunzi wabadili uzito, kimo na mwendo waone matokeo. Anaweza kuuliza kwa nini lori lililopita kona bila taabu kwa kilometa 40 kwa saa linapinduka kwa kilometa 60. Mwendo umezidi mara moja na nusu, lakini kani inayohitajika kulipindisha imezidi mara mbili na robo, kwa sababu hufuata kipeo cha pili cha mwendo.

Majaribio hayahitaji maabara ya fedha nyingi. Lori la waya lililotengenezwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza latosha. Liwekwe kwa ubavu juu ya ubao, likiwa na jiwe lililofungwa chini karibu na ekseli, na ubao uinamishwe polepole huku matairi yakizuiwa yasiteleze. Pembe ambayo lori linapinduka ipimwe. Kisha jiwe lile lile lifungwe juu ya mzigo, na pembe ipimwe tena. Wanafunzi watajifunza habari za kitovu cha uzito bila kusahau. Chupa ya maji iliyojaa nusu, ikivutwa juu ya kigari na kusimamishwa kwa ghafla, itawaonyesha kwa nini tangi la mafuta lililojaa nusu ni gumu kulidhibiti kuliko lililojaa kabisa.

Mwalimu wa hisabati naye ana fungu lake. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walipitisha malori mara nyingi mno juu ya barabara za majaribio ili wapime uharibifu. Matokeo yalionyesha kwamba uharibifu unaoletwa na ekseli huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyostahili kubeba tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umezidi kwa sehemu moja ya tano tu, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Darasa lililofanya hesabu hiyo kisha likapelekwa kuitazama mizani ya Vigwaza, Mikese au Makambako litaelewa kwamba mizani haikuwekwa pale kwa ajili ya kuwasumbua madereva.

Dereva mzoefu aalikwe darasani, si kwa kuwafurahisha wanafunzi bali kwa kufundisha. Yeye aeleze afanyavyo, nao watafute sababu kwa kanuni walizojifunza. Wapo watakaogundua kwamba anafanya sawasawa kwa sababu ambayo hajapata kuisikia, na huenda wakakuta jambo moja ambalo yafaa alibadili. Wasichana wasiachwe pembeni katika mazungumzo hayo. Breki za upepo na usukani unaosaidiwa na pampu vimeondoa haja ya misuli mikubwa, na kinachobaki ni maarifa, uangalifu na subira.

Katika vyuo vinavyofunza madereva, kikiwamo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanzishwa mwaka 1975, pamoja na vyuo vya ufundi stadi, mtahiniwa wa lori zito asiulizwe tu afanye nini bali aulizwe pia kwa nini. Kwa nini gia ichaguliwe kabla ya mteremko? Kwa nini kukandamiza breki bila kuachia, toka juu hadi chini, kunazihatarisha, na kwa nini kupigapiga nako kunamaliza hewa? Akikosa majibu, bado hajawa tayari kwa tani 56, hata kama anarudisha tela nyuma kwa ustadi wa kupendeza.

Utingo naye afikiriwe kuwa mwanagenzi, jambo ambalo kwa kweli ndilo alilo. Wenye malori wanaweza kumpa nafasi ya kuhudhuria mafunzo mafupi, na kuandika katika daftari lake milima aliyoshuka pamoja na dereva wake, gia iliyotumika na uzito uliobebwa. Kuhusu lugha hapana kizuizi. Gereji za nchi hii zimekwisha kuwa na maneno yake kwa Kiswahili, na mtu anayeweza kueleza habari za gia, klachi, valvu na kompresa kwa lugha hiyo anaweza kuelezwa pia habari za nishati na msuguano kwa lugha iyo hiyo.

Hayo yote si maombi ya kuwageuza wanafunzi wote kuwa madereva, wala kuwageuza madereva wote kuwa maprofesa. Wengine kati ya wale wapendao malori watakuwa wahandisi wa barabara, mafundi wa injini au walimu wa fizikia, na hao watafaidika kwa kuwa mapenzi yao hayakuzimwa mapema. Wengine watakuwa madereva. Hao ndio watakaokuwa juu ya Kitonga usiku, mzigo ukiwasukuma kutoka nyuma na magari ya watu wengine yakiwa mbele yao. Wakati huo hapatakuwa na mwalimu wala mzee wa kuwaelekeza. Watakuwa na kanuni walizofundishwa, na ikiwa shule imetimiza wajibu wake, watakuwa na sababu za kanuni hizo pia.